Farasi, Kibwebwe na Njuga: Historia Fupi ya Nahau za Kuanza Jambo kwa Ari

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa mtihani, bila shaka umewahi kusikia Kiingereza kikisema kuwa mtu fulani yuko "raring to go". Ni usemi wa mazungumzo. Huwezi kuutia katika barua rasmi. Humaanisha kwamba mtu amejawa na hamu ya kuanza kazi, safari au mashindano, hata kumtuliza ni shida. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili hukumbana na usemi huu na jamaa zake anapoandika insha. Hapo hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama huutafsiri neno kwa neno, ile tunayoiita tafsiri sisisi, akapata sentensi isiyoeleweka. Ama huchopoa nahau yoyote ya Kiswahili inayofanana nao, kama vile kujifunga kibwebwe, kuvalia njuga au kung'oa nanga, akaichomeka palipo wazi. Kosa la kwanza sote hulitambua mara moja. La pili hutuponyoka, kwa kuwa maneno yote ni ya Kiswahili na kila moja liko katika kamusi, ila nahau yenyewe haikukaa mahali pake.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dawa ya makosa yote mawili ni moja, nayo ni kuijua historia ya nahau. Katika fasihi simulizi huwafunza wanafunzi kwamba nahau ni fungu la maneno lenye maana isiyotokana na maana za kawaida za maneno hayo. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini mwanafunzi akikomea hapo huweza kudhani kwamba maana ya nahau ilishuka tu kutoka mbinguni. Ukweli ni kwamba nahau nyingi zilikuwa vitu na vitendo kabla ya kuwa nahau. Kulikuwa na farasi, kulikuwa na leso, kulikuwa na kengele na kulikuwa na nanga. Anayekijua kitu hicho na jinsi kilivyotumika hukosea nadra anapoitumia nahau. Tutaanza na nahau ya Kiingereza, kisha turudi kwetu.

Farasi wa Mwingereza na wa Mmarekani

Neno "raring" ni tamko la kilahaja la neno "rearing", na kitendo kinachotajwa ni cha farasi kusimama kwa miguu ya nyuma huku akiinua ya mbele hewani. Tamko hilo lilikuwa vinywani mwa Wamarekani katika karne ya 19, na usemi kamili ukaenea kwao mwanzoni mwa karne ya 20. Hebu ivute picha hiyo akilini, msomaji. Farasi ameshiba, ana nguvu, amekwisha tandikwa na mpandaji amekwisha kaa. Safari haijaanza, lakini mnyama hataki kungoja tena. Anajiinua na kupiga kwato hewani.

Jamaa wa usemi huo ni "champing at the bit", nao ni mkongwe zaidi. Kinachotajwa hapa ni lijamu, yaani kile chuma anachotiwa farasi kinywani ili mpandaji amwongoze kwa hatamu. Farasi mwenye hamu ya kukimbia hukitafuna chuma hicho kwa kishindo. Wamarekani wa karne ya 20 walilibadilisha neno la kwanza likawa "chomping", na siku hizi wengi hulitamka hivyo bila kujua kwamba palikuwa na jingine.

Yupo pia jamaa wa tatu, ambaye picha yake haitokani na farasi bali na mbwa wa kuwinda anayeivuta kamba aliyofungwa. Picha hiyo aliitumia Shakespeare katika tamthilia yake Henry V, inayokadiriwa kuandikwa mwaka 1599, pale mfalme anapowafananisha askari wake na mbwa wa kuwinda wanaosubiri kuachiliwa.

Ukizitazama picha hizi tatu kwa pamoja utaona jambo moja muhimu. Katika zote mnyama anataka kwenda na binadamu anamzuia. Hamu ipo, nguvu ipo, lakini mlango haujafunguliwa. Kwa hiyo semi hizi za Kiingereza hutumika kabla ya jambo kuanza. Mtu ambaye tayari amezama katika kazi hasemwi kwamba yuko "raring to go", keshakwenda. Likumbuke hilo, kwani ndilo litakalotusaidia tunapotafuta mwenzake wa usemi huo katika Kiswahili.

Tena tazama wakati usemi wa kwanza ulipoenea. Mwaka 1908 kampuni ya Ford ilianza kuuza gari lake la Model T, na katika miaka michache iliyofuata farasi alianza kuondoka barabarani Marekani. Usemi uliotokana naye haukuondoka. Umebaki midomoni mwa watu ambao wengi wao hawajawahi kumtandika farasi hata mmoja. Nahau huweza kuishi muda mrefu baada ya kitu kilichoizaa kutoweka, na jambo hilo tutaliona kwetu pia.

Kwa nini farasi hakutuzalia nahau hii?

Mwanafunzi mdadisi huenda akauliza: mbona Kiswahili hakikumtumia farasi kueleza hamu ya kuanza? Jawabu liko katika historia na jiografia. Neno farasi lenyewe tulilipata kutoka Kiarabu, pamoja na lijamu na hatamu. Mnyama huyo alifika pwani, lakini hakuenea. Mbung'o na maradhi ya farasi viliwafanya wanyama hao wasistawi katika sehemu nyingi za nchi zetu. Farasi alikuwa mnyama wa wachache na wa fahari. Mswahili wa kawaida hakulima kwa farasi wala kusafiri kwa farasi.

Basi farasi alipoingia katika nahau zetu, aliingia kupitia mkono wa mwenye mamlaka. Tunasema mtu ameshika hatamu za uongozi. Nchini Tanzania katiba ilirekebishwa mwaka 1975 ili kukipa chama ukuu, na kaulimbiu ya "Chama kushika hatamu" ikajulikana kote. Tafakari tofauti hiyo. Ukanda ni ule ule na chuma ni kile kile, lakini Mwingereza aliutazama mdomo wa farasi akaona hamu, nasi tuliutazama mkono wa mpandaji tukaona mamlaka.

Mnyama wa kila siku wa Mswahili alikuwa punda, hasa katika miji kama Lamu ambako mpaka leo punda ndiye mchukuzi. Naye punda hakutupa picha ya hamu hata kidogo. Tunaambiwa kwamba punda haendi bila kigongo, na kwamba asante ya punda ni mateke. Farasi wa Mwingereza huzuiwa asiende. Punda wetu hupigwa ili aende. Kwa hiyo ilitubidi tuitafute picha ya hamu mahali pengine, na tuliipata katika mwili wa binadamu mwenyewe, katika mavazi yake, ngoma zake na vyombo vyake vya bahari.

Hatua ya kungoja: hamu na ghamu, mkao wa kula

Tuanze pale pale aliposimama farasi wa Kiingereza, kabla ya jambo kuanza. Kiswahili kinasema mtu ana hamu na ghamu ya jambo. Maneno haya mawili asili yake ni Kiarabu, ambako la kwanza ni wasiwasi au jambo linalomshughulisha mtu moyoni, na la pili ni huzuni. Mswahili aliyachukua yakiwa yamefuatana, akayageuza yakawa shauku kubwa. Hata hivyo hawakupotea kabisa wale wazazi wao, kwa kuwa mtu mwenye hamu na ghamu hatulii, kungoja kunamuuma. "Wanafunzi walikuwa na hamu na ghamu ya kuiona timu yao ikiingia uwanjani" ni sentensi iliyokaa mahali pake, maana timu bado haijaingia.

Kwa mazungumzo ya kawaida kuna usemi mwingine, kukaa mkao wa kula. Mlaji aliyezoea kula katika sinia la pamoja huketi vizuri, akanawa, akauelekeza mkono kwenye chakula hata kabla sinia halijatuliwa. Kwa upande wa rejista, huu ndio unaokaribiana zaidi na "raring to go", kwa kuwa nao ni usemi wa utani na wa mtaani. Uutumie katika mazungumzo ya wahusika au katika insha ya masimulizi yenye ucheshi. Usiutie katika hotuba ya mwalimu mkuu wala katika ripoti.

Hatua ya kujiandaa: kibwebwe

Kibwebwe ni kitambaa, aghalabu leso au kanga, kinachofungwa kwa kukazwa kiunoni. Wanawake hujifunga kibwebwe wanapotaka kufanya kazi nzito, kama kutwanga au kuchota maji, au wanapoingia katika ngoma. Katika chakacha, mathalani, leso iliyofungwa kiunoni huusaidia mwendo wa kiuno uonekane. Anayejifunga kibwebwe hutimiza mambo mawili kwa mara moja. Kwanza, nguo zake hazitamsumbua wala kumvuka kazini. Pili, anawatangazia walio karibu kwamba sasa mzaha umekwisha.

Leso tunayoijua ilianza kuenea pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Neno lenyewe limetoka katika Kireno, likiwa na maana ya kitambaa cha mkononi. Mombasa mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alianzisha duka lake mwaka 1887, na maneno "Mali ya Abdulla" yangali yanasomeka katika leso zake. Kabla ya leso hizo na hata pamoja nazo, wanawake walivaa vitambaa vingine kama kaniki na merikani, vikaweza kukazwa kiunoni vivyo hivyo. Kwa hivyo aliyezungumza juu ya kibwebwe zamani hakuwa akitunga tamathali. Alikuwa akitaja tendo alilolishuhudia kila asubuhi uani.

Kutokana na historia hiyo tunapata kanuni mbili za matumizi. Ya kwanza ni ya kisarufi. Kibwebwe hujifunga mtu mwenyewe, ndiyo maana nahau hii hupenda kiambishi cha kujirejelea: alijifunga kibwebwe, nimejifunga kibwebwe, tujifunge kibwebwe. Kazi yenyewe huja baada yake: "Amina alijifunga kibwebwe akaanza kudurusu." Mtahiniwa akiandika "Amina alilifunga kibwebwe tatizo lake," amelivisha tatizo leso! Kanuni ya pili ni ya maana. Kibwebwe hufungwa na mtu anayejua kwamba kazi ni nzito. Hatujifungi kibwebwe kwa ajili ya kunywa chai. Insha inayosema "nilijifunga kibwebwe nikalala" haina picha, isipokuwa kama mwandishi anafanya kejeli makusudi.

Nahau hii sasa haichagui jinsia. Twasikia kwamba mbunge amejifunga kibwebwe au kwamba vijana wa timu ya kandanda wamejifunga kibwebwe, na hapana anayeshangaa. Kitambaa kilikuwa cha mwanamke, lakini bidii iliyohusishwa nacho imekuwa ya wote. Mwalimu anayefundisha mada ya uhusika wa kike katika fasihi anaweza kuwaonyesha wanafunzi kwamba hapa lugha iliichukua kazi ya mwanamke ikaifanya kipimo cha bidii ya jamii nzima.

Yafaa kutaja kwamba Waswahili hawako peke yao katika picha hii. Lugha ya Biblia nayo inazungumzia kujifunga viuno, kwa sababu watu wa Mashariki ya Kati walivaa kanzu ndefu zilizobidi kukusanywa kiunoni kabla ya safari au kazi. Usemi huo uliingia katika Kiingereza na katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, nao ukakubalika. Hatusemi basi kwamba kila tafsiri ya nahau ni kosa. Wanapwani waliouona usemi huo katika Biblia hawakutatizika, kwa kuwa kujifunga kiuno walikujua tayari. Tafsiri hushika pale ambapo picha inaeleweka, na huanguka pale ambapo msomaji hana kitu cha kuishikilia. Ndiyo maana "niligonga ardhi nikikimbia" haitushiki, ingawa Kiingereza kina usemi kama huo wa kumsifu anayeanza kazi kwa kasi tangu dakika ya kwanza.

Hatua ya kuingia: njuga

Njuga ni kengele ndogo zinazovaliwa miguuni katika ngoma, ili kila hatua ya mchezaji itoe mlio. Desturi ya kuvaa vitu viliavyo wakati wa ngoma au sherehe inajulikana katika jamii nyingi za pwani na za bara. Mwalimu aliye Bungoma, kwa mfano, anaweza kuanzia kwa jambo ambalo wanafunzi wake wanalijua: kwa Wabukusu, mvulana anayejiandaa kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akipiga chinyimba, zile kengele za mkononi. Mlio huo una maana yake. Aliyekwisha kuupiga mbele ya wajomba na majirani hawezi kurudi nyuma kimyakimya.

Hali hiyo ndiyo iliyokuwa katika ngoma za mashindano. Kuanzia miaka ya 1890 ngoma ya beni ilienea katika miji ya pwani, na mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975. Mitaa na vyama vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa ustadi wa kucheza. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama, ambavyo Margaret Strobel alivichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1979. Vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana vikali, na kila upande uliogopa kuaibishwa na mwenzake. Katika mazingira ya namna hiyo, aliyejipamba kwa ngoma hakuwa anacheza tu. Alikuwa amebeba heshima ya upande wake.

Hapa tunakutana na neno ari, ambalo ni moyo wa mada yetu. Wanafunzi wengi hulichukulia kuwa sawa na bidii au hamu. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya aibu au fedheha. Je, aibu iligeukaje kuwa juhudi? Jibu linapatikana katika uwanja wa ngoma. Mtu anayeogopa kuaibika mbele ya wenzake hujitahidi asishindwe. Mwenye ari, kwa hivyo, hufanya kazi akijua kwamba anatazamwa. Hamu inaweza kukaa moyoni mwa mtu aliye peke yake chumbani. Ari inataka mashahidi. Hamasa nayo ilitoka Kiarabu ikiwa na maana ya ushujaa na mori wa vita. Mshairi Abu Tammam wa karne ya 9 alikusanya mashairi ya Waarabu katika diwani inayojulikana kwa jina hilo. Ndiyo sababu tunasema kocha aliwatia wachezaji hamasa, yaani aliwachochea kama watu waendao vitani.

Tukirudi kwenye njuga, tuangalie sarufi yake. Nahau ni kuvalia njuga, kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendea. Mchezaji huvaa njuga, lakini huvalia njuga jambo fulani, yaani huzivaa kwa ajili yake. Ndiyo maana nahau hii hudai jambo linalovaliwa, na aghalabu jambo hilo huonyeshwa kwa kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi:

Wazazi wamelivalia njuga tatizo la utoro.
Serikali imeuvalia njuga ufisadi.
Tuyavalie njuga masomo yetu.

Sentensi "Wazazi walivalia njuga" inamwacha msomaji akiuliza, "Walivalia nini?" Na sentensi "Wazazi walivaa njuga tatizo la utoro" imeivunja kauli yenyewe. Linganisha na kibwebwe: mmoja hujirejelea, mwingine hutaka mtendwa. Mwanafunzi aliyeona kwamba kibwebwe kinamhusu mvaaji na njuga zinahusu ngoma inayochezwa hatahitaji kukariri tofauti hiyo.

Hatua ya kuondoka: nanga

Nahau ya tatu inayochanganywa na hizi ni kung'oa nanga. Magazeti na redio huitumia sana: mashindano ya muziki yameng'oa nanga, kampeni zimeng'oa nanga. Watahiniwa wengi hudhani kwamba inaeleza ari. La, inaeleza mwanzo tu. Chombo huweza kung'oa nanga kwa furaha au kwa huzuni.

Historia yake ni ya bahari ya Hindi na pepo zake. Kaskazi, inayovuma takriban kutoka Desemba hadi Machi, ilivileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, ilivirudisha. Baharia Alan Villiers kutoka Australia alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako walipakia boriti, na akayaandika aliyoyaona katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1940. Mabaharia wa namna hiyo hawakuweza kuondoka kwa sababu tu walikuwa na hamu. Nahodha mwenye haraka kuliko upepo hafiki popote. Alingoja, akatengeneza tanga, akapakia shehena, na upepo ulipogeuka akang'oa nanga.

Katika nahau ya Kiingereza anayezuia ni mpandaji. Katika chombo cha Mswahili kinachozuia ni msimu. Mpandaji anaweza kubembelezwa, msimu haubembelezwi. Nadhani ndiyo sababu tuna methali nyingi zinazomtahadharisha mwenye haraka, kama vile haraka haraka haina baraka, na mwenda pole hajikwai. Lakini tusimpe mtahiniwa upande mmoja tu. Watu wale wale walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo, na chelewa chelewa utapata mwana si wako. Upepo ukifika na nahodha angali amelala, amekosa msimu mzima.

Ari isiyodumu

Haitoshi kuanza. Kiswahili kina msamiati mkali kwa wanaoanza kwa kishindo na kuishia njiani. Watu wa mashambani walisema moto wa mabua, kwa kuwa mabua makavu huwaka ghafla, yakatoa mwanga mkubwa, kisha yakazima kabla maji hayajachemka. Wa mjini wakaja na nguvu za soda. Usemi huu hauwezi kuwa wa kale, kwa kuwa soda ya chupa yenyewe si ya kale; mtungaji wake alikuwa mtu aliyeifungua chupa, akaona povu likipanda, kisha akaona linavyotulia. Hata hivyo picha ni ile ile ya mabua. Hapa mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba nahau huzaliwa hata sasa, na kwamba kila kizazi hutumia vitu vilivyo mbele yake.

Jinsi ya kuzitumia katika uhakiki

Tuchukue mfano ambao wengi wetu huufundisha, kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyo katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo yumo gerezani na amekusudiwa kuuawa. Mama yake anamtumia mkate wa wishwa wenye tupa ndani, akimtuma kijakazi Saada. Walinzi wanaudharau mkate huo na kuuacha umfikie. Liyongo anaomba achezewe ngoma, na vishindo vya ngoma hiyo vinafunika mlio wa tupa anapokata minyororo.

Sasa mwulize mwanafunzi aieleze hali ya Liyongo kwa nahau. Wengi watakimbilia kusema kwamba "Liyongo alijifunga kibwebwe" tangu mwanzo hadi mwisho. Mwongoze aone hatua. Akiwa amefungwa anasubiri tupa, ana hamu na ghamu ya kutoka, lakini hana njia. Mama yake ndiye aliyejifunga kibwebwe, kwa maana halisi na ya sitiari, alipoanza kuuandaa mkate ule. Ngoma ilipopamba moto, Liyongo aliivalia njuga kazi ya kukata minyororo, tena njuga zake zilikuwa ni ngoma ya watu wengine. Alipokwisha kukata na kutoka nje, safari yake ilikuwa imeng'oa nanga. Jambo moja zaidi: Liyongo hakuanza kukata mara tu alipoipata tupa. Aliungoja mshindo wa ngoma kama nahodha anavyoungoja upepo. Mwanafunzi aliyeliona hilo amejifunza kuhakiki mhusika, na nahau ndiyo iliyompa macho.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa kazi nyingine. Said A. Mohamed aliipa tamthilia yake ya mwaka 2000 jina la Kitumbua Kimeingia Mchanga. Mwanafunzi wa bara asiyewahi kula kitumbua, akauhisi mchanga menoni, atakariri tu kwamba maana yake ni jambo kuharibika. Mwalimu akileta kitumbua kimoja darasani, au angalau akieleza kinavyopikwa na kuliwa, jina la tamthilia litafunguka kuliko maelezo ya kurasa mbili.

Hitimisho

Leso za kiunoni zinapungua mijini, njuga zimekuwa vitu vya tamasha za muziki na utamaduni, na wanafunzi wetu wengi hawajaona nanga ikiinuliwa. Vitu hivyo vikizidi kutoweka, nahau zake zitabaki zikiwa makombe matupu, na mtahiniwa atazichanganya kama anavyochanganya leo, isipokuwa awepo mtu wa kumweleza. Mtu huyo ni wewe, mwalimu mwenzangu. Dakika tano za kueleza kitu chenyewe zina faida kuliko orodha ya nahau hamsini ubaoni. Nawe mtahiniwa, kabla hujaitumia nahau ya kuanza kwa ari, jiulize maswali matatu: jambo limeshaanza au bado linangojwa? Anayetenda anajirejelea au anakabili kitu? Na kazi yenyewe ni nzito kiasi cha kustahili kibwebwe? Ukiyajibu hayo, hutahitaji kumwazima Mwingereza farasi wake.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti ya kimaana na ya kisarufi kati ya kujifunga kibwebwe na kuvalia njuga. Tunga sentensi mbili kwa kila nahau.

2. Sahihisha: (a) Wanakijiji walivaa njuga ukosefu wa maji. (b) Juma aliufunga kibwebwe mtihani. (c) Mchezo umekwisha na mashabiki wana hamu na ghamu ya kuuona ukianza.

3. "Ari inataka mashahidi." Jadili kauli hii ukimrejelea mhusika mmoja katika kazi yoyote ya fasihi uliyoisoma.

4. Kusanya nahau tatu kutoka katika mtaa au kijiji chenu zinazoeleza mtu anayeanza kwa nguvu na kuishia njiani. Taja kitu kilichozaa kila nahau.